Siku Tisa za Kupumzisha Upinde

“Umeuweka upinde juu ya makaa asubuhi nzima. Umepungua uzito. Hujauongezea kitu. Sasa hiyo nguvu iliyozidi imetoka wapi?”

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini. Nilikuwa na shahada ya fizikia, miaka ishirini na minne, na tabia ya kubishana na kila mtu kuhusu kila kitu. Aliyeniuliza alikuwa Mzee Kajiru, fundi wa pinde wa pale Same, na alikuwa ameniwekea mbele yangu pinde mbili alizochonga kutoka gogo moja la mti wa mkole. Mmoja ulikuwa mweupe kama ulivyotoka kwenye randa. Wa pili ulikuwa umebanikwa upande mmoja, ukawa na rangi ya chai ya rangi. Alizipima zote mbili kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Uliobanikwa ulikuwa mwepesi zaidi. Kisha akanipa nivute. Ule mweupe ulikuja mpaka shavuni bila shida. Ule wa rangi ya chai uligoma katikati, nikauachia.

Nilimwambia labda zilikuwa tofauti tangu mwanzo. Nikamwambia labda alichonga mmoja mnene kuliko mwingine. Nilikuwa na “labda” nyingi siku hiyo. Akanisikiliza zote, halafu akasema kwamba nikimaliza kutilia shaka nichukue ufagio. Tangu hapo akaniita Msomi, na sikumbuki kama aliwahi kulitaja jina langu tena.

Sikwenda pale kwa mapenzi ya pinde. Nilikuwa nimerudi nyumbani bila ajira, na kibanda chake kilikuwa njiani kwangu, kando ya barabara inayopanda milimani. Kila nilipopita niliona moshi mwembamba na kusikia harufu ya kitu kama mkate unaoungua taratibu. Siku moja nikaamkia, “Shikamoo, Mzee,” akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikauliza anaoka nini. Nikakaa miaka saba.

Kwa kuwa ninyi mnaosoma hamjawahi kuishika kazi hii, nianze na upinde wenyewe. Upande unaomtazama mlengaji unaitwa tumbo. Upande unaotazama shabaha ni mgongo. Ukivuta ugwe, ile kamba yake, mgongo unavutika na tumbo linajikunja ndani, kama mtu aliyeinama. Sasa mti wowote ukibanwa mara nyingi unachoka, na tumbo ndilo huchoka kwanza. Ukiuachia haurudi tena kama ulivyokuwa. Unabaki umejikunja kidogo, na mshale hauendi mbali. Upinde wa namna hiyo sisi tulisema “umezoea.” Mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nyani hana matumizi na upinde uliozoea.

Dawa ya kuzoea ni kubanika. Mzee alikuwa na karai refu alilolikata kutoka kwenye pipa, akalijaza makaa yaliyokwisha kutoa moto, mekundu tu, yakipumua. Upinde ulilazwa juu yake, tumbo likitazama chini, shubiri moja kutoka kwenye makaa. Kazi yangu mwaka mzima wa kwanza ilikuwa kuweka kiganja mgongoni mwa upinde. Mgongo lazima ubaki na joto ambalo mkono unavumilia. Ukishindwa kushika, inua. Rangi ilitembea polepole sana juu ya mti: krimu, asali, halafu ile ya chai. Harufu nayo ilibadilika, mkate kwanza, halafu karanga. Nje, joto la Same lilikuwa likiitetemesha barabara, malori yakaonekana kama yanaelea, na huko juu safu ya milima ilikuwa bluu na baridi, na wingu limeikalia. Nikifumba macho hata sasa nayasikia yale makaa yakitoa sauti ndogo, tik, tik, na sijui kama ni mimi nimesinzia au ni yeye.

Jibu la swali lake nililipata mwaka wa pili, na nilijivunia sana. Nguvu haikuongezwa. Moto uliondoa kilichokuwa kinalegea. Ndani ya mti kuna sehemu inayopenda maji, ikinywa na kutema kila hewa ikibadilika, na joto likiwa kali vya kutosha sehemu hiyo inavunjika na hairudi. Kinachobaki ni kigumu zaidi kikibanwa. Nilimweleza kwa mchoro kwenye vumbi la sakafu. Akautazama, akasema, “Kumbe. Mimi nilidhani ni hasira.”

Lakini kulikuwa na jambo la pili, nalo sikulikubali. Upinde ukishabanikwa hauvutwi. Unafungwa na wenzake kwenye gunia, unapakiwa kwenye gari linalopanda milimani, unafika Bombo, kijiji cha huko juu, kwa dada yake Mzee, Bibi Nakijwa. Bibi anaulaza darini, juu ya chumba kisicho na jiko, ambako ukungu unaingia kila asubuhi kupitia upenyo wa ukuta. Unalala siku tisa, hata si nane. Haukunjwi, haufungwi ugwe, hauguswi. Halafu unateremshwa Same, na ndipo unapovutwa kwa mara ya kwanza. Mzee aliita hii kupumzisha. Alisema mti unahitaji kuusahau moto.

Niliuliza kwa nini tisa. Akasema ndivyo ilivyo. Niliuliza kwa nini Bombo, wakati nasi tuna dari. Akasema dari letu lina joto mno. Niliuliza amewahi kujaribu bila kupumzisha. Akanionyesha kovu chini ya kidevu, akaendelea kupiga msasa. Kwangu mimi kovu moja halikuwa ushahidi. Niliona mzee aliyekuwa anampenda dada yake na kutafuta sababu ya kupanda kwake mara kwa mara.

Katika mwaka wa nne alikuja mwanamke mmoja kutoka Moshi. Alikuwa mwalimu wa michezo katika chuo, na alikuwa ameanzisha kikundi cha wanafunzi wa kulenga shabaha. Sitamtaja jina, tulimwita Mwalimu. Alitaka pinde nane zenye nguvu sawa. Alizungumza waziwazi, amesimama mlangoni na miwani mkononi. Wenzake chuoni walikuwa wakitaka vifaa vya plastiki kutoka nje, kwa sababu walidhani mti wa kuchonga kwa mkono utampasukia mwanafunzi usoni. Yeye aliona mti una uhai ambao plastiki haina.

“Lakini mmoja tu ukivunjika, Mzee wangu,” alisema, “sitaweza kuzitetea tena. Wala pinde zako, wala za mtu mwingine yeyote wa huku.”

Mzee akajibu kwamba ameelewa. Baada ya Mwalimu kuondoka alikaa kwenye kigoda akaisugua miguu yake. Akaniambia kwamba wateja wa nyani wanapungua, vijana wanatumia kelele na tochi, na wacheza ngoma wananunua upinde mmoja kwa miaka ishirini. Kama chuo kimoja kikichukua, vingine vitafuata, na kibanda kitakuwa na mtu wa kukirithi. Kama hakikuchukua, atafunga, apande Bombo akalime tangawizi. Alisema haya bila huzuni, kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kurithi, na sote tulilijua hilo.

Tulizichonga kwa miezi miwili. Zilikuwa pinde nzuri kuliko zote nilizowahi kugusa. Nane zote tulizibanika katika wiki moja yenye upepo, na Mzee akatangulia Bombo kumsaidia dada yake mavuno, akaniachia nizifunge na kuzipakia kesho yake asubuhi.

Nilizifunga saba.

Ule wa nane niliubakiza. Nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe bado nauona ulikuwa na akili. Ningeupima kila siku kwa mizani ndogo ya jikoni niliyoiazima kwa mama. Mti uliokauka unarudisha maji kutoka hewani na uzito unapanda. Siku uzito utakapoacha kupanda, mti utakuwa umeshiba, na mapumziko yameisha, iwe ni siku ya tatu au ya thelathini. Ningekuwa na namba badala ya desturi. Mchana Mzee akanipigia simu kuuliza nimepakia ngapi. Nikasema nane. Nilijiambia kwamba darini ni kwa Bibi Nakijwa, na kwamba Mzee hupanda kule kulima, si kuhesabu.

Siku ya kwanza uzito ulipanda. Ya pili, ukapanda kidogo. Ya tatu na ya nne, mshale wa mizani ulisimama palepale. Nikaufunga ugwe, nikauvuta robo, nikauvuta nusu, nikauvuta mpaka shavuni. Haukulia hata kidogo. Nikatoka nyuma ya kibanda nikapiga mishale arobaini kwenye gunia la majani ya mkonge. Jua lilikuwa likielekea kuzama na vumbi lote lilikuwa la dhahabu, na kila mshale ulitoka kama neno ambalo nilikuwa nimelitafuta muda mrefu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Siku nne, badala ya tisa. Na bila mlima.

Mzee aliporudi na gunia, nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Lakini siku zote alidai kwamba upinde usiopumzishwa anautambua kwa kuushika tu. Nikafikiri, hili ndilo jaribio safi: nisimwambie, aushike. Alipokwenda kunawa na kula, niliutia ule wa nane kati ya wenzake.

Kesho yake asubuhi alizipanga mezani. Alizihesabu kwa sauti, polepole, mpaka nane. Akauchukua mmoja mmoja, akausukuma kwa kidole gumba, akaugonga, akausikiliza. Alipofika kwenye wangu hakutulia zaidi wala pungufu. Akauweka chini akachukua uliofuata. Moyoni nilikuwa nacheka na kuogopa kwa pamoja.

“Kuna la kuniambia, Msomi?”

“Hakuna, Mzee.”

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua kama itafika. Kisha akasema pinde atazipeleka Moshi mwenyewe. Tulikuwa tumekubaliana niende mimi, na nilikuwa nimeshapiga pasi gauni. Akasema nibaki nichonge. Akaondoka na gunia begani, na hakurudi mpaka baada ya siku kumi na moja. Alisema dada yake miguu ilimuuma, alipitia kwake. Sikuuliza zaidi, nilifurahi kutotazamwa.

Kuanzia hapo nililala na hofu. Kila simu niliyoiona ya Moshi ilinifanya nimwone msichana nisiyemjua, amevuta ugwe mpaka shavuni, na upinde unapasuka. Baada ya mwezi nikashindwa, nikampigia Mwalimu, nikajifanya nafuatilia huduma. Nikamuuliza zote nane zinaendeleaje.

“Zote nane ziko vizuri sana. Yupo binti hataki kushika mwingine ila wake tu. Mwambie Mzee anisalimie wote huko.”

Nikampigia tena baada ya msimu kuisha. Zote nane. Nikampigia mwaka uliofuata alipoagiza nyingine kumi. Zile nane za kwanza, nzima. Hofu ikaisha, ikageuka kuwa kitu kingine. Ikawa ushahidi. Niliandika kwenye daftari langu: siku nne, Same, zinatosha. Niliandika kwa kalamu ya wino, nikapiga mstari chini.

Nilingoja nafasi ya kumwambia, na kila mwezi uliopita ulifanya iwe ngumu zaidi. Miguu yake ikaanza kuvimba. Mwaka wa tano wa kazi yangu akaamua kupanda Bombo moja kwa moja, akaniachia kibanda, karai, mizani na jina. Hakutoa hotuba. Alipokuwa ameshakaa ndani ya gari, kioo kimeshuka, akaniambia jambo moja tu: nisiache kuzipeleka mlimani. Nikamwambia sawa, Mzee. Nilisema sawa kwa sababu alikuwa mgonjwa na nilimpenda. Alifariki kabla ya mwaka kuisha. Nilikwenda kumzika, watu wakiwa wengi sana kilimani, na ukungu ukiwafunika walioko nyuma, na niliongea na Bibi Nakijwa dakika moja tu.

Miaka miwili nilifanya kazi peke yangu, kwa siku nne. Pinde zangu zilikuwa nzuri kwa macho. Zilirusha mshale mbali. Na zikaanza kuvunjika. Si zote, mmoja kati ya nyingi, halafu mwingine. Mgongo ulikatika ghafla, bila kulia kwanza. Nililaumu mkole, kwamba siku hizi unakatwa mchanga. Nililaumu makaa. Kila nilipofikiria mapumziko nilifungua daftari nikausoma ule mstari: upinde wa nane, misimu mitatu, mzima. Mtu wa sayansi haachi ushahidi kwa sababu ya huzuni.

Kisha mkulima mmoja wa Kwakoa, baba mpole aliyekuwa akilinda shamba lake, alivuta upinde niliomuuzia na kipande kikamchana shavu kutoka kwenye jicho mpaka kwenye sikio. Jicho lilipona. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, bandeji nusu ya uso, na alinipa pole mimi. Alisema, “Kazi ni kazi, dada. Hata jembe linavunjika.” Mkewe hakunisalimu. Nikarudi Same, nikamwandikia Mwalimu kwamba sitachukua oda tena, nikafunga kibanda. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Watu wakicheka nikisema nimestaafu, nawaambia hivyo hivyo: nimestaafu upinde. Ninyi mnaoingia kwenye kazi zenu mtaona kwamba kustaafu hakungoji mvi.

Sasa mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha mbao. Tuna tanuri la kukaushia lenye namba na taa, na mbao zikitoka humo haziendi kwa seremala. Zinaingizwa kwenye chumba chenye unyevu, zinakaa. Siku yangu ya kwanza pale niliuliza kwa nini. Msimamizi akanijibu, akiendelea kula chungwa, kwamba mbao zinapumzika. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Pale ndipo nilipolielewa kosa langu. Mizani ya mama yangu haikudanganya. Ilisema kwamba mti umelingana na hewa iliyouzunguka. Haikusema kwamba hewa hiyo inatosha. Hewa ya Same wakati wa kiangazi haina maji ya kugawa. Mti ulikoma kunywa kwa sababu kikombe kilikuwa kitupu, nami nikasema umeshiba. Tumbo la upinde linahitaji ukavu, lakini mgongo unaovutwa unahitaji maji kidogo ili unyumbuke. Kwenye ukungu wa Bombo unayapata kwa siku nane au tisa. Naweza kuwachorea.

Kilichobaki kikinisumbua kilikuwa kitu kimoja tu, ule upinde wa nane. Kwa hesabu zangu mpya ulipaswa kuvunjika msimu wa kwanza. Haukuvunjika. Niliufikiria kwenye basi, kazini, kanisani. Kitu kimoja kinachokataa kuingia kwenye maelezo kinatosha kuyaangusha maelezo yote, na ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyoamini bado.

Mwaka jana nilipanda Bombo kumwamkia Bibi Nakijwa. Ni mzee sana sasa, anaona kidogo, lakini alinitambua kwa sauti na kuniita yule binti wa maswali. Alinipikia makande. Mchana ulikuwa mweupe mtupu, migomba ikionekana na kupotea, na tulikaa kwenye benchi kama tuko ndani ya maziwa. Nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumwambia. Nilimwambia kuhusu saba na nane. Nilimwambia hata jinsi nilivyosema hakuna.

Alinisikiliza akimenya maharage. Hakushangaa. Akasema zile saba walizihesabu yeye na kaka yake siku hiyo hiyo zilipofika, na Mzee alikataza nisipigiwe simu. Alisema nitasema mwenyewe. Halafu, akasema Bibi, wiki mbili baadaye kaka yake alirudi ghafla, akitokea Moshi, ameshakabidhi pinde saba na kumwomba yule mwalimu amvumilie kwa ule wa nane. Alikuwa ameubeba mikononi, umefungwa kwa koti lake. Akaupandisha darini mwenyewe, na miguu ile ile inayouma, akaulaza, akakaa siku tisa akiungoja, ndipo akaupeleka Moshi.